Gari halijachemsha, pampu ya nini?

Mwambie mwenye gari abadilishe pampu ya maji, thamostati (kilango kinachoachia maji kwenda rejeta injini ikishapata moto) na mipira ya rejeta wakati mshale wa joto umetulia katikati, atakuona fundi njaa. Hajakosea sana. Mafundi wa kubuni ugonjwa wapo, na spea feki ndiyo usiseme. Pampu iliyokuja na gari kutoka Japani inaweza kudumu kuliko mpya ya kwenye boksi linalong'aa. Tena unavuta mpira wa zamani, shingo ya rejeta inavunjika, na gari lililoingia gereji likiwa zima linatoka na bili ya rejeta.

Tatizo ni huo mshale tunaouamini. Magari mengi ya siku hizi hayakuonyeshi joto lilivyo. Kwenye BMW E46 (toleo la zamani la 3 Series) mshale unakaa palepale katikati toka nyuzi 75 hivi hadi karibu 115. Ukianza kusogea, mambo yameshaharibika. Mpira ukipasuka maji yakaisha, sensa inabaki hewani, na mshale unaweza hata kushuka. Dereva anapandisha mlima Kitonga roho kwatu, kumbe silinda hedi ya aluminiamu, kile kifuniko cha juu ya injini, inapinda. Mpira wa bei ya chai umekuwa bili ya gasketi, kuchonga hedi, pengine injini ya mtumba.

Na plastiki haitoi taarifa. Tanki la plastiki la akiba ya maji la E46 hiyo hiyo linabeba mgandamizo unaofika bar 2, linapata moto na kupoa kila siku kwa miaka. Nimeshika moja lililotolewa: rangi imegeuka kahawia, nikalibana kwa kidole gumba kwenye mshono, likakatika kama biskuti. Jana yake lilikuwa halivuji.

Subaru zenye injini ya EJ, iliyo kwenye Impreza na Forester nyingi za zamani, ndizo zinazonishangaza. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi wenyewe, ule unaopanga valvu zisigongane na pistoni. Mtu anafungua mbele yote, anaweka mkanda mpya, pampu ya zamani anairudisha "bado nzima". Beringi yake ikikwama, mkanda unakwenda nayo, na kwenye nyingi ya injini hizo valvu zinagonga pistoni. Gharama ya kufungua alishailipa!

(Wanaong'oa thamostati kabisa kwa kuwa "kwetu joto", injini yao haifiki joto lake na inakunywa mafuta.)

Sisemi ubomoe kila kitu. Ila kilomita za gari la mtumba ni za kuambiwa, hesabu miaka. E46 za mwisho zilitengenezwa 2006. Spea halisi ikikosekana, afadhali ya zamani ibaki huku unaitafuta. Ikipatikana, anza na mfuniko wa rejeta au tanki na mipira. Asubuhi injini ikiwa baridi, bonyeza mpira wa juu karibu na klipu. Ukiwa mgumu kama ubao, au laini kama andazi, usisubiri mshale.