Vinundu vya mikaratusi: je, mfano wa mierebi unatufaa?

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, hupikia makala (makaa ya miti), na sehemu ya makala hayo yanatakiwa kutoka katika mikaratusi ya kupandwa ili misitu ya Virunga ipumue. Ndiyo sababu WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, ilianzisha mradi wa EcoMakala mwaka 2007. Kwa hiyo swali la nini kifanyike vinundu, yaani uvimbe unaoletwa na wadudu, vinapoonekana kwenye miche si dogo.

Upande mmoja unasema tusihangaike. Unatoa mfano wa mierebi ya Ulaya, mti ambao wengi wetu tunaujua kutoka kitabu cha Isaya tu: wadudu wa jamii ya Pontania hutaga ndani ya majani yake, jani likavimba kama haragwe jekundu, buu akala na kukua humo, na mti ukaendelea kuishi. Hayo ni kweli. Lakini mwerebi na mdudu wake wamezoeana kwa muda mrefu mno, na kuna wadudu wengine wanaomwinda buu huyo ndani ya kinundu chake.

Nyigu wa mikaratusi, Leptocybe invasa, ana habari nyingine. Asili yake ni Australia. Aligunduliwa Mashariki ya Kati mwaka 2000, na kufikia 2002 alikuwa Kenya na Uganda, akiwa amewaacha nyuma maadui zake. Urefu wake ni kama milimita 1 hivi, na jike huzaa bila dume, kwa hiyo mmoja tu aliyesafiri na miche anatosha kuanzisha ukoo. Huvimbisha vikonyo na mishipa ya majani machanga hadi mche ukadumaa.

Upande wa pili unataka dawa inyunyizwe. Hapo nina shaka zaidi, maana buu amejifungia ndani ya kinundu, mahali ambapo dawa nyingi za kunyunyiza hazimfikii, ilhali zinaua wadudu ambao wangemwinda. Israeli na Afrika Kusini zilichagua kuwaachia nyigu wadogo wanaokula mabuu hayo, baada ya kuwapima kwanza. Njia hiyo ni ya polepole, na inahitaji maabara.

Kwa sasa ningekuwa mkali kitaluni na mpole shambani: mche wenye vinundu uchomwe, mti mkubwa uachwe, kwa kuwa huo huvumilia, na aina za mikaratusi zichanganywe, kwani hazishambuliwi sawasawa. Kasoro ya pendekezo langu naijua: hasara yote inamwangukia mwenye kitalu, na hakuna anayemlipa miche aliyoichoma.