Sukari ya Ukoo na Sinia Tunalokula Pamoja

Mtu wa Unguja au Pemba akirudi hospitali na habari kwamba ana sukari, jawabu la kwanza atakalolipata nyumbani ni kuwa maradhi hayo ni ya ukoo wao. Watu hutajiwa mmoja mmoja: mama alikuwa nayo, ami alikatwa mguu kwa ajili yake, na bibi mzaa baba, ingawa hakuwahi kupimwa, alikuwa na kiu isiyokatika na usiku akiamka mara kwa mara. Maneno hayo husemwa kwa upole, kwa nia ya kumliwaza mgonjwa, na mara nyingi ni kweli. Ninachokipinga ni hitimisho linalofuata bila ya kutamkwa, kwamba kwa kuwa jambo ni la damu, basi hakuna la kufanya ila kila mmoja kungoja zamu yake. Damu ya ukoo haikubadilika baina ya zama za bibi zetu na zama zetu, kwani vizazi viwili ni muda mfupi mno kwa jeni, yaani vinasaba tunavyorithi, kubadilika. Kilichobadilika ni chakula, kazi na mwendo, na kwa maoni yangu huko ndiko tunakopaswa kuanza kutafuta.

Nisieleweke kwamba naidharau damu. Yapo maradhi ambayo yenyewe ndiyo inayoamua takriban kila kitu, na siko seli (selimundu), maradhi ya chembe nyekundu za damu, ni mfano ulio karibu nasi. Jeni yake imeenea katika mwambao wetu kwa sababu malaria iliua watu huku kwa karne nyingi, na mtoto aliyeipokea kutoka kwa mzazi mmoja tu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kunusurika na malaria kali. Anayeumwa ni yule aliyeipokea kwa wazazi wote wawili. Mume na mke wenye kuibeba, hata wakiwa wazima kabisa, kila mimba yao ina uwezekano wa mmoja katika wanne wa kuzaa mtoto mgonjwa, na ndiyo maana ndoa za binamu, ambazo tunazipenda kwa sababu zinazoeleweka, zinastahili kutanguliwa na kipimo cha damu pale ukoo unapojulikana kuwa na maradhi haya. Hakuna chakula kilichoyaleta na hakuna chakula kitakachoyaondoa, na mzazi wa mtoto huyo hana la kulaumiwa.

Kisukari cha ukubwani, kile cha aina ya pili, hakiendi kwa kanuni hiyo. Wataalamu wamekwisha kuzitambua mamia ya sehemu za jeni zinazokichangia, kila moja kwa kiasi kidogo: nyengine hulidhoofisha kongosho lisitoe kwa kutosha insulini, ile inayoishusha sukari ya damu, nyengine huongeza hamu ya kula, nyengine huyafanya mafuta ya mwili yajikusanye tumboni, mahali ambapo madhara yake ni makubwa zaidi. Hukadiriwa kwamba mtu ambaye mzazi wake mmoja anaumwa ana uwezekano wa asilimia 40 hivi wa kuumwa naye maishani, na wazazi wakiwa wagonjwa wote wawili, asilimia hiyo hukaribia 70. Makadirio haya hunukuliwa sana, ila wanaoyanukuu husahau kwamba mtoto wa mgonjwa hakupewa jeni peke yake. Alikula naye sinia moja tangu utotoni, alijifunza kwake kikombe cha chai hutiwa vijiko vingapi vya sukari, na alimuona akilala baada ya chakula cha mchana badala ya kutembea. Yote hayo huhesabiwa kuwa ni urithi, nayo hayamo katika damu.

Ushahidi unaonishawishi zaidi unatoka mbali, kwa Wapima, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika. Baadhi yao wanaishi Arizona, Marekani, na wengine, ambao ni ndugu zao wa nasaba, wako milimani nchini Meksiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwakuta na kisukari asilimia 38 ya watu wazima wa Arizona, lakini asilimia 7 hivi tu ya wale wa Meksiko, ambao walikuwa bado wakilima kwa nguvu za mikono na kula maharage, mahindi na viazi. Hao wa Arizona hawakuwa wavivu kwa asili. Maji ya mto waliokuwa wakilimia yalichukuliwa na walowezi mwishoni mwa karne ya 19, mashamba yao yakafa, na baadaye wakawa wanaishi kwa unga mweupe, mafuta na sukari. Jeni zao zilikuwa ni zile zile.

Sasa turudi kwetu. Mkaazi wa mashamba, iwe Makunduchi ya Unguja au Micheweni ya Pemba, hakuwa akila wali kila siku katika zama za bibi zetu. Wali ulikuwa chakula cha shughuli, cha mgeni na cha Idi, na siku za kawaida watu walikula muhogo, ndizi mbichi, majimbi, mashelisheli yanapozaa, na mtama au uwele kwa uji na mkate wa mofa. Kitoweo kilikuwa samaki au dagaa, pamoja na mboga kama kisamvu na mchicha. Sisemi kuwa walikula vizuri, kwa sababu wengi walikula kidogo na watoto wao waliumwa kwa utapiamlo. Nasema kwamba chakula chao kilikuwa na nyuzi nyingi, kilichukua muda kutafunwa na kusagika, na kilimfikia mtu ambaye tokea alfajiri alikuwa amekwishalima, kukwea mkarafuu au kwenda pwani na kurudi kwa miguu.

Leo asubuhi ya mtu wa mjini, na hata wa Konde huko Pemba, ni chai ya sukari na maandazi, chapati au vitumbua, na vyote hivyo ni unga mweupe au mchele uliokobolewa, ukakutanishwa na sukari au mafuta au vyote viwili. Mchana ni wali wa nazi, na mchele wenyewe kwa sehemu kubwa unatoka nje, umekobolewa mpaka haukubakishiwa kitu isipokuwa wanga. Usiku ni chipsi au mabaki ya mchana. Baina ya milo hiyo kuna soda, juisi ya paketi na kachori za njiani. Ukiliangalia sinia lenyewe, utaona mlima wa wali na katikati yake kipande cha samaki, huku mboga ikiwa kama pambo. Kula pamoja ni katika mambo mazuri tuliyonayo, na siwezi kushauri tuyaache, lakini katika sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenye sukari anayekula na vijana watatu wenye njaa hushindana nao bila ya kutambua.

Mwezi wa Ramadhani unastahili kutajwa peke yake. Mtu hushinda na njaa mchana kutwa, jambo ambalo mwili mzima wa afya unaweza kunufaika nalo, kisha magharibi huletewa kwa mkao mmoja tende, uji mtamu, kaimati, sambusa, mbatata, muhogo wa nazi na juisi. Vingi vya vyakula hivyo ni halali yetu na vimebeba kumbukumbu zetu, ila sioni kwa nini viwepo vyote kila siku kwa siku 29 au 30. Mwenye kutumia dawa za sukari azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani dawa zile zile akizimeza kwa saa zile zile huku amefunga, zinaweza kuishusha sukari yake mpaka akaanguka.

Tukija kwenye sukari yenyewe, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Kijiko kidogo huchukua gramu nne hivi. Kikombe chenye vijiko vitatu, kikinywewa mara tatu kwa siku, kimekwishafika gramu 36, na hapo hatujaihesabu soda moja, ambayo nayo inaweza kuwa na gramu 35. Na chai yetu mgeni haulizwi anataka sukari kiasi gani, huletewa imekwishatiwa kwenye birika, na anayeomba isiyo na sukari huulizwa kama anaumwa. Kumtengea mgeni sukari pembeni, ajitilie mwenyewe, hakupunguzi ukarimu hata chembe.

Wanaodhani kwamba jambo hili ni la watu wazima tu watazame yaliyotokea Uingereza. Sukari iliyokuwa ikigawiwa kwa vipimo tangu Vita vya Pili vya Dunia iliachiwa huru mwezi Septemba 1953, na matumizi yakakaribia kuongezeka mara mbili. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2024 waliwalinganisha waliotungwa mimba na kulelewa muda mfupi kabla ya hapo na wale wa muda mfupi baadaye, wakakuta kwamba waliopita miaka yao ya mwanzo katika zama za vipimo walipungukiwa na hatari ya kisukari kwa takriban asilimia 35 na ya presha kwa asilimia 20, miongo mingi baadaye. Mtoto wetu anayenyweshwa maji ya sukari ili anyamaze anajengewa ulimi atakaokwenda nao mpaka uzeeni.

Presha nayo ina hesabu yake. Utafiti uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 uliikuta kwa takriban theluthi moja yao, na wengi hawakuwa wakijua. Chumvi ni mshitakiwa mkubwa, na kwetu haiko katika mtungi wa jikoni tu: imo katika ng'onda, katika papa mkavu na katika vipande vya supu vya dukani ambavyo siku hizi hutiwa hata kwenye mchuzi wa samaki mbichi, samaki ambaye, kwa hakika, hahitaji kusaidiwa.

Jee, mwenye damu ya ukoo wa sukari akibadilisha mwenendo, inafaa kitu? Inafaa, na kwake huenda ikafaa zaidi kuliko kwa mwengine. Nchini Marekani watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imekwishapanda bila ya kufikia ugonjwa waligawanywa kwa makundi, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, mengi yao yakiwa ni kutembea tu, walipungukiwa na hatari ya kuugua kwa asilimia 58, wakati waliopewa dawa ya metformini walipungukiwa kwa asilimia 31. Miaka minne baadaye wataalamu walizichunguza jeni za watu hao hao. Waliobeba nakala mbili za jeni yenye mchango mkubwa wa kisukari waliugua kwa haraka katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa, lakini katika kundi la waliobadilisha mwenendo tofauti baina yao na wengine ilikaribia kutoweka. Hilo ndilo linalonifanya nisikubali neno la ukoo litumike kama hukumu.

Kuna uonevu, hata hivyo, katika kumbebesha mgonjwa mmoja mmoja mzigo huu wote. Mgonjwa huambiwa kliniki aache wali, lakini haambiwi ale nini kwa fedha alizonazo, wala hakuna anayezungumza na anayempikia. Jamii nayo inamsifu aliyenenepa baada ya harusi kuwa amenawiri, na anayepungua kwa makusudi husemwa kuwa ana maradhi au ana mawazo. Na wapo wembamba wanaougua, na wanaojitahidi wakaugua pia, kwa sababu damu nayo ina sehemu yake.

Kwa hiyo serikali nayo ina lake la kufanya, na mfano upo katika bahari hii hii ya Hindi. Mwaka 1987 serikali ya kisiwa cha Morisi (Mauritius) ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyokuwa yakitumiwa na karibu kila nyumba, kutoka kuwa ya mawese kwa sehemu kubwa hadi kuwa ya soya, na kufikia mwaka 1992 wastani wa kolesteroli (mafuta katika damu) ya wakaazi ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7. Uzito wa watu uliendelea kupanda, maana mafuta ni mafuta, lakini funzo linabaki kwa kisiwa kinachoingiza mafuta, mchele na unga kupitia bandarini: anayeamua nini kiingie na kwa ushuru gani anapika pamoja nasi.

Majumbani, ninaloliomba ni dogo. Kipimo cha jeni kisichogharimu kitu ni kuwauliza wazee wangali hai nani aliumwa nini na akiwa na umri gani, kisha kuandika. Tuna kawaida ya kusema fulani alianguka ghafla, au alipigwa na upepo, na kwa maneno hayo kiharusi cha baba hupotea kwa watoto wake. Ambaye mzazi au ndugu yake ana sukari asisubiri kiu na kukonda. Apime akiwa na miaka 30, au kabla, asubuhi kabla ya kula, na akiambiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi arudie kipimo na aanze matibabu bila ya kuyachanganya na majani asiyoyajua. Shangazi aliyepooza akiwa na miaka 48 na ami aliyekatwa mguu ni habari ambazo daktari anazihitaji kabla hajaandika dawa yoyote, na mpaka sasa wengi wetu tunaingia chumbani mwake tukijua tu kwamba siku za wazee wetu zilikuwa zimefika.