Si chatu, ni mzizi

Nimeamka nimekuta ujumbe 17, wote wauliza jambo moja: yule chatu nilimuua au alikimbia?

Hakuna chatu. Sikuwa uchi. Na shahada sikuipiga mara tatu kama mlivyosikia. Niliipiga mara moja, tena sikuimaliza.

Najua ilikotoka. Yule rafiki yangu, tumwite Redio maana hazimwi, ametuma sauti ya dakika 4 kwenye kundi letu la shule, na kutoka hapo imefika Lamu kwa shangazi kabla mimi sijamaliza kuoga. Na nilioga sana, jamani. Kama una chai na mahamri mkononi, maliza kwanza ndipo usome.

Anayenijua anaijua nyumba ya nyanya hapa Shella, Malindi, na anaujua ule mkilifi wa uani. (Wa bara mnauita mwarobaini, ndio huohuo.) Choo chetu tangu mwezi uliopita kilikuwa kinakoroma. Ukimwaga maji yanapanda badala ya kushuka, yanasimama pale yanakutazama, yanafikiri, halafu yanateremka polepole kama mtu anayedaiwa. Mimi nikatoa hukumu yangu: ni nywele za mke wangu. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu. Hilo tutalirudia.

Akaja fundi, mzee wa makamo, akafunua chemba ya maji taka akaingiza zile fimbo zake za kuunganisha moja kwa nyingine. Akazungusha, akavuta, zikatoka nywele kweli! Nikamtazama mke wangu kwa jicho la ushindi. Fundi akazikamua kwa vidole, akanusa (hawa watu wana roho ngumu), akasema, "Hizi si za mtu. Hii ni mizizi."

Akanikalisha kunieleza. Paipu zile ni za udongo wa kuchoma, za zama za babu, vipande vifupi vifupi vilivyoungwa kwa simiti. Simiti imechakaa, kwenye maungio maji yanavuja tone tone. Sasa kaskazi hii, jua kali, mchanga mkavu kama unga, mti una kiu, na pale chini pana unyevu kila siku ya Mungu. Mzizi unaingia mwembamba kama uzi. Ukishapenya umefika harusini: maji yapo, mbolea ipo, hewa ipo. Unanenepa, unaota ndevu, na hizo ndevu zinakamata mafuta ya jikoni, karatasi, kila kinachopita njia ile.

"Mzizi haukutoboa paipu nzima, mwanangu. Umekuta mlango wazi ukaingia. Nikikata leo ni kunyoa ndevu tu, zitaota tena." Dawa yake: kuchimba toka chooni hadi kwenye shimo, kutoa paipu zote za udongo, kulaza za plastiki, PVC ya inchi 4 yenye viungo vya gundi. Akataja bei. Bei siiandiki hapa, mke wangu anasoma.

Nikamwambia, "Ami, wacha nifikirie."

Nikafikiria pamoja na Redio, na hapo ndipo nilipopotea. Redio akasema chumvi inaua mti wowote. Nikaleta gunia zima la chumvi ya Gongoni, nikawa naimimina chooni ndoo kwa ndoo, wiki nzima, usiku, kama mchawi. Matokeo? Mchaichai wa nyanya, uliopandwa pale pale paipu inapopita, ukafa wote. Mkilifi ukatoa majani mapya. Nyanya akauliza mchaichai wake umepatwa na nini, nikasema ni jua. (Nyanya, kama kuna mjukuu anakusomea hii, nisamehe, nitapanda mwingine.)

Basi juzi Ijumaa, saa nne asubuhi. Uani wamekaa nyanya na majirani zake watatu wanachagua mchele. Mimi nimechukua chuma cha kujengea, nimekikunja ncha kama ndoana, na mpango wangu ni mmoja: kuung'oa huo mzizi na ukoo wake. Nimevaa kikoi ili suruali isichafuke. Redio amesimama juu yangu ameshika simu, eti ananimulikia.

Saa nne asubuhi. Jua la Malindi. Mtu ananimulikia. Na mimi sikushtuka.

Nikatia ndoana ndani ya paipu nikapapasa. Ikanasa. Nikavuta, wapi. Nikapanua miguu, mmoja huku wa chemba na mmoja huku, nikavuta tena, nikahisi kitu kinanivuta na chenyewe, kama kolekole mkubwa chini ya mwamba. Redio akawa anahesabu, "Moja, mbili..." Nyanya akauliza kule, "Mnavuta nini?" Nikajibu kwa kiburi, "Tulia nyanya, kazi ya wanaume."

Mkiniuliza ni neno gani ningelirudisha kinywani, ni hilo.

Kwanza ilikuja sauti. Fyoooo, kama mtu aliyeshika pumzi mwezi mzima. Kisha ndoana ikalegea kidogo. Kisha kikaanza kutoka, shubiri kwa shubiri: cheusi, kimelowa, kinene kama mkono wangu, kina manyoya, kinateleza. Na kilikuwa kinajisogeza chenyewe! Leo najua ni maji ya nyuma yalikuwa yanakisukuma, lakini pale sikuona maji, niliona kitu kinatoka shimoni kinanifuata. Kikafika ukuta wa chemba, kikajikunja, kikainua kichwa.

Akili yangu ilijua ni mzizi. Wallahi ilijua, ndio kitu nilichokuwa nakitafuta tangu asubuhi. Mdomo haukuishauri akili.

"NYOKAAA!"

Mguu wa kulia ukaruka nyuma, vizuri kabisa. Wa kushoto ukakanyaga pale ambapo siku zote pana mfuniko. Mfuniko nilikuwa nimeuweka kando mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Nikashuka hadi pajani. Kikoi hakikushuka na mimi, kilinaswa na ile ndoana kikabaki juu kinapepea kama tanga. Ndani nilivaa bukta ya michezo ya Form Two, yenye tundu, na tundu haliko pembeni.

Sasa fikirieni kidogo, kwa utaratibu. Mwezi mzima mzigo wa nyumba ya watu tisa umezuiwa na kizibo. Kizibo kimetoka. Mzigo umepata njia, unakuja. Na katikati ya njia amesimama nani?

Kizibo kipya.

Ulikuja kwa nguvu. Ulikuwa wa uvuguvugu. Nilifungua mdomo kupiga shahada, na hilo ndilo kosa la mwisho la siku ile. Nitawaambia jambo moja tu kisha msiniulize zaidi: ile chumvi ya Gongoni ilikuwa bado imo. Msiulize nimejuaje.

Wanawake wakafika mbio. Mmoja na mchi, mmoja na sinia la mchele, na nyanya yangu mbele yao wote na ufagio wa chelewa. Mimi hakunitazama. Aliupiga ule mzizi mara tatu, nne, "Laana we! Laana we!", ndevu zikawa zinaruka. Halafu akasimama, akavaa miwani, akauinamia.

"Mbona huu ni mkilifi wangu?"

Kimya. Mtoto wa jirani akiwa juu ya ukuta akatangaza, "Mjomba ameingia mavini!" Ndipo Redio alipoanza kucheka, na mimi ndipo nilipoiona simu, na nikakumbuka kwamba tuko juani.

Yaliyobaki ni mafupi. Fundi akarudi jioni, hakusema kitu, ila bei ilikuwa imepanda na sikuwa katika hali ya kubishana. Jana wamechimba. Ungio lililopasuka lilikuwa chini ya mchaichai hasa, mtu anaweza kupitisha vidole viwili. Paipu za udongo zimetoka, PVC imelala, gundi imekauka, choo kinameza maji kama hakijawahi kuugua. Mkilifi umebaki, nyanya alisema atakayeukata aanze na yeye, basi fundi akaukata mzizi ule mmoja uliokuwa unavuka njia. Mke wangu nimemwomba radhi ya nywele. Amesema amesikia. Hajasema amesamehe.

Ule mzizi wenyewe watoto wameutundika kwenye ua wa makuti, wamemwita Chatu, na jana watu wawili ambao siwajui wamesimamisha tuktuk kuupiga picha.

Redio anaapa video ameifuta. Naona ameshaiona hii, maana pale chini panasema anaandika. Ni dakika ya tano sasa, bado anaandika.