Jina Kwenye Kadi

Mdogo wangu alilijua jina la ugonjwa wake kwa kuchungulia kadi ya kliniki mkononi mwa nesi. Hakuna aliyemwambia. Ndani ya matatu ya kurudi Umoja akalitafuta kwenye simu: bodalaini, tatizo la haiba la mpakani, yaani ugonjwa wa akili unaovuruga hisia na mahusiano. Tulipofika Mutindwa leso yangu ilikuwa imelowa machozi yake. Alichosoma kilisema watu kama yeye huwachezea wenzao akili, na hawaponi.

Daktari wake huenda alidhani anamkinga kwa kumficha. Mimi nasema alimnyima haki yake. Mgonjwa aambiwe, na kwa kinywa hichohicho aelezwe yanayofuata.

Miaka minne tuliambiwa ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Lakini baipola hukushika siku kadhaa, hata wiki. Mdogo wangu asubuhi anaimba akikaanga mayai, saa sita amejifungia chumbani, na mara nyingi kuna kilichomgusa: ujumbe haujajibiwa, au sauti yangu imekuwa fupi kwenye simu. Hofu ya kuachwa humpanda kama homa. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili unataja dalili 9 za bodalaini, na zikitimia 5 unapewa jina hilo. Piga hesabu: wagonjwa wawili wanaweza kufanana kwa dalili moja tu. Basi mtu asinitajie "watu wa bodalaini" kana kwamba wametoka tumbo moja.

Na sisi nyumbani tulichangia kuchelewa. Tulificha kwamba anajidhuru. Sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Mama aliogopa polisi kuliko ugonjwa.

Habari ambayo simu haikumpa ni hii. Huko Marekani mtafiti Mary Zanarini na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa. Katika miaka 10, 93 kati ya kila 100 walipata angalau miaka miwili mfululizo bila kutimiza tena vigezo vya ugonjwa. Kazi na mahusiano yalikawia zaidi: waliosimama sawasawa huko pia walikuwa nusu. Sitaificha nusu hiyo, lakini si hukumu ya maisha. Tiba yenyewe hasa ni mazungumzo na mazoezi ya kuihimili hisia kali. Dawa husaidia pembeni. Marsha Linehan, aliyebuni mojawapo ya tiba hizo, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba ujanani yeye mwenyewe alilazwa, akijidhuru.

Siku hizi mdogo wangu ana daftari la mazoezi hayo, jalada limechakaa kwenye kona. Juzi usiku alinitumia sauti: "Dada, nimeona hujajibu, kichwa kinaniambia umenichoka. Nimeshika barafu, nasubiri dakika kumi." Nilikuwa naoga. Nilipompigia, barafu ilikuwa imeyeyuka na alikuwa anapanguza meza.