Kadi ya sauti ikisema milisekunde 16, tuiamini?

Anayerekodi taarabu Mji Mkongwe kwa kompyuta moja na kadi ya sauti ya USB huweka ala kwa zamu: udi kwanza, kanuni juu yake, kisha fidla, mwimbaji mwisho. Mpiga kanuni anausikiliza udi kwenye hedifoni, na anachopiga kinaingia kimechelewa. Programu lazima ijue kimechelewa kiasi gani ili ikirudishe mahali pake. Nani aiambie: draiva (programu inayoiendesha kadi) au waya unaoirudisha sauti ya kadi kwenye kadi yenyewe?

Wanaoitetea draiva wana hoja. Sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) zilizomo kwenye bafa, yaani akiba ambamo sauti husubiri zamu yake, zigawe kwa kasi ya sampuli, basi. Vipande viwili vya bafa ya kutoa na kimoja cha kuingiza, kila kimoja sampuli 256, ni 768. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, milisekunde 16. Kwenye Linux, ALSA (sehemu yake inayoshughulikia sauti) huangalia programu imeandika hadi wapi na kadi imesoma hadi wapi, hivyo jibu hubadilika kadiri bafa inavyojaa na kupungua. Kwa kuoanisha sauti na picha, mimi sitaki njia nyengine.

Tabu ni kuwa draiva huhesabu inachokiona. Vichujio vya ndani ya vigeuzi, vinavyogeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, hula muda wao, na foleni ya USB ina wake. Draiva nyengine hukadiria, nyengine haziongezi hata sampuli moja. Wenye waya wanasema: unganisha tundu la kutoa na la kuingiza, piga mlio mfupi, hesabu sampuli hadi urudi.

Lakini waya hupima kwenda na kurudi kwa pamoja, haukwambii kila upande umekula kiasi gani. Kwa kanuni juu ya udi, jumla hiyo ndiyo inayotakiwa; kwa video haifai, maana hapo unataka upande wa kutoa peke yake. Tena kipimo huchacha. Badilisha bafa, namba si ile. Kadi nyengine za USB hata ukizichomoa na kuzirudisha tu, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi (nani hajui hayo Unguja?) pima upya.

Kwenye kurekodi kwa zamu naufuata waya. Wapo wanaosema milisekunde mbili tatu si kitu, kwa kuwa maikrofoni ikikaa mita moja kutoka kwenye kanuni, hewa peke yake inakula karibu 3. Kweli, ila kosa lisilorekebishwa hurithiwa: fidla ikiifuata kanuni iliyochelewa, nayo huongeza lake, na mwimbaji anayeifuata fidla anaongeza la tatu.