Kumhamishia shambani sio kumtibu

Huku kwetu Mtwara kijana mwenye ulemavu wa akili akimfanyia mtoto wa jirani mambo mabaya ya ngono, kesi mara nyingi inaishia barazani. Wazee wanakaa, mwenyekiti wa mtaa anaitwa, hela inatoka, afu kijana anapelekwa kwa mjomba wake Tandahimba akae huko msimu wote wa korosho. Yameisha. Yameisha wapi wakati Tandahimba nako kuna watoto, na huyu aliyeumizwa hata hospitali hajapelekwa?

Simtetei mkosaji jamani. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kubaka, na kama mtoto ana chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha, mi sina ugomvi nayo. Nauliza huyu ambaye hafiki hata mahakamani tunamfanyaje?

Uingereza kuna programu inaitwa SOTSEC-ID, ya kuwasaidia wanaume wenye ulemavu wa akili waliofanya makosa ya ngono wasirudie, Profesa Glynis Murphy wa Chuo Kikuu cha Kent ni mmoja wa walioianzisha. Wanaume wanakaa kikundi, masaa mawili kila wiki, karibu mwaka mzima, picha nyingi maneno machache, wanarudia mpaka iingie: mwili, ridhaa, sheria, na mawazo gani yanakuja kabla hujafanya. Sasa angalia jando letu. Kijana anaingizwa na wenzake, anaimbiwa mafumbo wiki kadhaa, mafumbo! mtu ambaye anashika maneno yalivyo, ukimwambia nenda karibu na duka anaenda kusimama mlangoni kwa jirani wa duka. Akitoka anaambiwa keshakuwa mwanaume, ya mipaka hajaelewa, ya uanaume kayashika vizuri sana.

Ila tusidanganyane, sio kila programu inasaidia. England walikuwa na SOTP magerezani, programu ya kuwarekebisha wafungwa wa makosa ya ngono wasio na ulemavu wa akili, wakaiacha 2017 utafiti ulipoonyesha walioipitia walirudia makosa ya ngono asilimia 10 na wasioipitia 8. Kwahiyo lazima ufuatilie watu wako miaka, sio kugawa vyeti na soda.

(Na wenye ulemavu huu wanafanyiwa ukatili mara nyingi kuliko wanavyoufanya, msije mkaanza kuwafungia wote ndani.)

Mi ningeanza kikundi kama cha SOTSEC-ID na vijana wachache tu hapa mjini, mwalimu wa elimu maalumu na mtu wa ustawi wa jamii waongoze, mama au mlezi afundishwe pembeni yaleyale, na dawati la jinsia polisi liwe na taarifa zao toka siku ya kwanza. Mzazi anayetaka mambo yaishie barazani asipokelewe.