Wembamba wa Milioni Mbili na Laki Sita

Sijui ni nani aliyewaomba wapunguze unene. Mimi sikuwahi kumwandikia mtu barua, wala sikumbuki kikao chochote cha familia, cha ofisi au cha mtaa ambacho mjumbe alisimama akalalamika kwamba vishikwambi vya siku hizi ni vinene mno na vinatuumiza. Hata hivyo, jioni ya Jumanne, tarehe 7 Mei 2024, saa kumi na moja kwa saa zetu za Tanzania, wakati mtu mwenye akili timamu anafikiria namna ya kupata kiti cha kurudia nyumbani, kampuni ya Apple ilirusha onyesho lake kutoka California, na Tim Cook na wenzake wakatueleza kwamba iPad Pro mpya ya inchi 13 ina unene wa milimita 5.1, na kwamba hawajawahi kutengeneza kitu chembamba kuliko hicho.

Tangu jioni hiyo sina raha, kwa sababu mpwa wangu ameamua kwamba ni lazima ninunue. Kijana huyu yuko chuo, na anaishi kwetu kwa makubaliano kwamba atasaidia kazi ndogo ndogo za nyumbani, makubaliano ambayo ni upande mmoja tu unaoyakumbuka. Alinikuta nimekaa barazani nimevua viatu, akanionesha picha kwenye simu yake, akasema, "Mjomba, hiki si kishikwambi tena, hii ni mashine ya kazi." Nikamwuliza ni kazi gani. Akajibu kwamba ni kazi yoyote. Nimekaa masijala katika ofisi ya umma kwa muda wa kutosha kujua kwamba mashine inayoweza kufanya kazi yoyote ndiyo inayopokelewa Jumatatu kwa kusainiwa vitabu vitatu, na ikifika Ijumaa inawekewa vikombe vya chai juu yake.

Tuanze na bei, maana mengine yote ni mapambo. Ile ndogo, ya inchi 11, inaanzia dola 999, na naomba niizungumzie kidogo hiyo dola moja iliyoondolewa ili elfu isitimie, kwa kuwa inaniudhi kuliko zile zilizobaki: mtu anayetaka nitoe dola 999 anaamini kwa dhati kwamba hiyo moja ndiyo iliyokuwa inanizuia. Kwa kiwango cha wakati huo cha takribani shilingi 2,600 kwa dola, ni milioni mbili na laki sita kasoro kidogo, na hapo kimekuja kitupu. Kibodi yake inauzwa peke yake kwa dola 299. Kalamu yake mpya inauzwa peke yake kwa dola 129. Ukijumlisha unapata dola 1,427, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni tatu na laki saba, kabla ya gharama ya kukisafirisha na kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwetu ni asilimia 18. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma mwaka huo wa 2024 kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi, kwa hiyo mtumishi huyo angekipata baada ya miezi kumi, mradi katika miezi hiyo asile, asipande basi, na asiwe na ndugu.

Kuhusu kalamu nilidhani nimepata ahueni. Tuna ndugu yetu Marekani mwenye kalamu ya iPad ya kizazi cha pili asiyoitumia, akajitolea kunitumia bila malipo, nami nikaanza kumshukuru kwa maneno mazito. Mpwa akanikatiza akanijulisha kwamba kifaa kipya hakiikubali kalamu hiyo. Kibodi ya zamani nayo hakiikubali. Mtu aliyenunua vyote hivyo akatunza kwa nidhamu anatakiwa aanze upya kana kwamba hajawahi kununua kitu maishani mwake, wakati kalamu niliyopewa kwenye semina mwaka juzi, yenye nembo iliyokwishafutika, bado inaandika kwenye karatasi ya kampuni yoyote ile.

Kisha kuna kioo. Ukitaka kioo maalumu kisichorudisha mwanga, unaongeza dola 100, lakini huruhusiwi kuongeza hizo dola 100 mpaka kwanza uwe umenunua kifaa chenye hifadhi ya terabaiti moja au mbili, ambacho kwa ile ndogo kinaanzia dola 1,599. Hata kutoa fedha kumewekewa sifa za mwombaji. Kioo hicho kinakuja na kitambaa chake cha kufutia, na maelekezo ni kwamba kifutwe kwa kitambaa hicho. Nyumbani kwangu kila kitu chenye kioo, kuanzia miwani hadi runinga, hufutwa kwa pindo la kanga iliyo karibu, na sioni ni nani atakayesimama mlangoni kuwazuia watoto.

Nimesema wembamba, na siwezi kuuacha kabla sijaueleza vizuri. Ili tuuelewe, Apple walitoa tangazo lenye mashine kubwa ya kugandamiza inayoshuka taratibu juu ya piano, tarumbeta, gitaa na makopo ya rangi, vyote vikapondwa na rangi zikaruka, na mashine ilipoinuka ikabaki iPad peke yake. Wasanii wa dunia walikasirika, na siku mbili baadaye mkuu wa mawasiliano ya masoko wa kampuni hiyo, Tor Myhren, akaomba radhi na kukiri kwamba tangazo lile lilikosea shabaha. Mimi sikukasirika. Mashine ile naifahamu, huwa naipanda kila asubuhi nikitokea Kimara. Anaingia mama mwenye ndoo, anaingia mwanafunzi mwenye begi, anaingia fundi na msumeno wake, mlango unafungwa kwa kusukumwa kutoka nje, na sote tunafika mjini tukiwa na unene mmoja. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kutuomba radhi. Sasa nieleze wewe, ndugu msomaji, kitu cha milimita tano kitasafirije humo ndani kikiwa kwapani mwangu.

Kwa hiyo kitavikwa kava. Hapa kwetu hakuna mtu anayenunua kifaa cha fedha nyingi akakiacha wazi. Kabla hujatoka dukani kimebandikwa protekta, kimevikwa kava gumu lenye kona za mpira, na kimewekwa kwenye mfuko wenye zipu. Juu ya hapo utabeba chaja, na kwa kuwa umeme ukikatika haukuulizi una asilimia ngapi, utabeba na pawabanki. Nimekadiria kwa kutumia kava la simu yangu, nikaona kwamba wahandisi wa California wamehangaika kupunguza milimita ambazo kijana wa Kariakoo anazirudisha zote kwa shilingi elfu thelathini, na bado anakuuliza kama unataka na stika.

Mama watoto alisikiliza mjadala huu kwa utulivu ambao miaka ya ndoa imenifundisha kuuogopa. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na kishikwambi chake ni kimoja kati ya vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambavyo baadaye vilikabidhiwa kwa walimu. Hakina wembamba wa kujivunia. Kimetembea nyumba kwa nyumba, kimebwekewa na mbwa, kimewasubiri wakuu wa kaya waliojificha uani, na pamoja na wenzake kikaihesabia nchi hii watu 61,741,120. Sasa hivi kina maandalio ya masomo, alama za mitihani na, kwa bahati mbaya, katuni za mtoto wetu wa mwisho. Alikifuta kwa pindo la kanga, akakiweka mezani, akaniuliza, "Baba, hicho chako kitahesabu nini?"

Swali lilikuwa la haki, nikaenda kutafuta jibu kwa mpwa, ndipo nilipogundua mambo ambayo hayakutajwa kwa sauti kubwa kwenye onyesho. Ndani ya iPad hiyo kuna chipu iitwayo M4, ambayo sehemu yake ya akili bandia inafanya operesheni trilioni 38 kwa sekunde moja. Trilioni 38. Na wakati huo, Mei 2024, kifaa hicho hakikuwa na kikokotoo. Simu ya Apple ilikuwa nacho, kompyuta ya Apple ilikuwa nacho, lakini iPad, tangu Steve Jobs alipoitambulisha Januari 2010 akiwa ameketi kwenye kochi, ilikuwa haijawahi kutoka kiwandani na programu ya Apple ya kujumlisha na kutoa. Ukitaka hesabu, ilibidi utafute programu ya watu wengine. Sisi watumishi wa umma, ambao habari ya kikokotoo cha mafao imetunyima usingizi kwa miaka, tulistahili angalau kushauriwa.

Nikauliza kuhusu WhatsApp. Nayo mwaka huo haikuwa na programu yake kwenye iPad. Ilibidi uifungue kupitia kivinjari baada ya kuiunganisha na simu, ambayo ni ileile simu niliyokuwa naambiwa kwamba imepitwa na wakati. Huenda wenzetu wa huko waliweza kuishi bila WhatsApp, mimi siwezi. Hivi ninavyoandika nimo katika makundi ya michango ya harusi ambayo sikumbuki niliingizwa na nani, na ndani yake kuna maharusi nisiowafahamu na kiasi nilichoahidi ninachokifahamu vizuri sana, kwa kuwa mweka hazina hukiandika mbele ya jina langu kila siku ya Mungu. Nikauliza, basi nikitaka kulipa mchango huo, naweza kubonyeza *150*00# kwenye kioo hicho cha inchi 13? Mpwa akacheka. iPad haipigi namba za namna hiyo. Kwa maneno mengine, mchango ungedaiwa kwenye kivinjari, ungejumlishwa kwenye programu ya kuazima, na ungelipwa kwa simu.

Hata pa kuweka laini hapapo. Ile inayotumia mtandao wa simu inaongezeka dola 200, lakini wameondoa kabisa kitundu cha laini, na sasa ni lazima utumie eSIM, yaani laini isiyoshikika. Mtu wa umri wangu amezoea kwamba bando likigoma, unachomoa laini, unaipuliza, unaisugua kwenye shati, unairudisha. Isiyoshikika nitaipulizaje?

Nilipokuwa bado natafakari hilo, Jumapili ya tarehe 12 Mei, nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku tatu baadaye, iPad hiyo yenye uwezo wa ajabu ikaanza kuuzwa huko kwao. Mpwa alizunguka nyumba nzima ameinua simu juu ya kichwa, akapanda hadi kwenye ngazi ya fundi, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu akafagia uwanja bila kuambiwa. Kishikwambi cha mama watoto hakikujali, kwani maandalio yake yalikwishahifadhiwa humohumo, na katuni pia.

Hata hivyo, mimi ni mtu wa haki, na sikutaka kukataa kitu ambacho sijakiona. Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikaingia duka la kwanza, nikamweleza kijana kwamba natafuta iPad Pro mpya iliyotangazwa mwezi huu. "Ipo, bosi wangu, kaa hapo," akasema, akatuma mtu. Yule mtu alirudi baada ya muda mrefu, na jasho jingi, na iPad yenye kitufe cha mviringo chini ya kioo, ambacho iPad Pro mpya ziliacha kuwa nacho tangu 2018. Nikamwambia kijana kwa heshima kwamba hii si mpya. Akaigeuza, akaipangusa, akanitazama usoni bila aibu yoyote, akasema, "Bosi, ni mpya kwako." Nilipomweleza kwamba ile ninayoitafuta ni nyembamba zaidi, alinishauri kwa upole kwamba nyembamba hazidumu, na kwamba hii angalau imeshiba. Nakiri kwamba katika wiki zile zote, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza nami lugha ninayoielewa.

Niliporudi nyumbani nilitangaza uamuzi mezani, mbele ya wote: sinunui. Tuna nyumba Chanika ambayo imefika kwenye lenta na kusimama hapo, na fundi amekwishaanza kunipigia akitumia namba za watu wengine ili nipokee. Fedha zitakwenda huko. Mama watoto akaninawisha mikono kwa maji ya vuguvugu, jambo ambalo halijatokea tangu Idi.

Mpwa alikula kimya mpaka nyama ilipokwisha, kisha akasafisha koo. Akasema kwamba ananiunga mkono, Pro kweli ni ya anasa, ila siku ileile walitangaza pia iPad Air, ambayo pamoja na jina lake ni nene kuliko Pro, ina milimita 6.1, na inaanzia dola 599 tu. Mama watoto akaniangalia. Nikamwambia kijana aondoe vyombo, nikasogeza kiti karibu na taa, nikachukua simu yangu, ambayo ina kikokotoo, nikaanza kuandika: 599 mara 2,600.